restart, reload, force-reload: amri za huduma ziwe na maana moja, au kila programu ijipangie?

#1 Shina_la_Mfumo

Habari wakuu. Naandika programu ndogo ya kusimamia huduma (programu zinazofanya kazi nyuma, kama seva ya tovuti) kwenye mashine za aina tofauti: nyingi zinatumia systemd (msimamizi wa huduma wa Linux, amri yake ni systemctl), baadhi ni FreeBSD (mfumo endeshi mwingine), chache zina OpenRC (msimamizi mwingine wa huduma). Lengo ni mtu aandike amri ileile popote alipo na apate matokeo yaleyale. Kuiandika si tatizo. Kinachonikwamisha ni kwamba hakuna anayekubaliana na mwenzake hizi amri zinafanya nini hasa.

Chukueni mfano mmoja tu. Huduma imezimwa, mtu anaandika reload (soma mipangilio upya). systemctl inagoma, inasema huduma haiko hai. Ansible (chombo cha kusimamia mashine nyingi) ukiiambia reloaded inaiwasha, na chini yake inaita systemctl hiyohiyo. apachectl graceful, ya seva ya tovuti ya Apache, nayo inaiwasha. Tukija kwenye restart (zima kisha washa), karibu wote wanaiwasha. Sasa mtu kaizima huduma kwa makusudi ahamishe data kwenye diski nyingine, skripti ya mwenzake ikapita na restart, huduma inawaka katikati ya kazi na kuanza kuandika kwenye diski ya zamani.

Msimamo wangu: kuwasha iwe kazi ya start peke yake. restart na reload ziguse kilicho hai tu. Mnasemaje?

#2 Mzee wa Skripti

Mkuu, unachokitafuta kiliandikwa zamani. LSB (Linux Standard Base, viwango vya pamoja vya Linux) ilipanga vitendo vya skripti za /etc/init.d: start, stop, restart, force-reload na status ni lazima, reload na try-restart ni hiari. restart imeelezwa wazi: kama iko hai izime uiwashe, kama imezimwa iwashe. Hiyo restart yako isiyofufua wafu ndiyo try-restart. Red Hat waliiita condrestart, na systemctl hadi leo inalielewa jina hilo. Hakuna cha kubuni hapo, ni kusoma tu.

#3 binti_keneli

Mzee, kusoma tumesoma. LSB iliandika yake na waandishi wa skripti wakafanya yao.

Ila mtoa mada nakupinga. Mtu akiandika restart anataka hali fulani ya mwisho: huduma iwe hai na iwe imeanza upya. Ilikuwaje kabla, hayo hayamhusu. Jina la amri lieleze mwisho. Ukifanya restart igome eti kwa sababu huduma ilikufa yenyewe muda mfupi uliopita, aliye zamu hatakuelewa, maana hapo ndipo anaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

#4 Shina_la_Mfumo

> Ilikuwaje kabla, hayo hayamhusu.

Dada, iliyokufa yenyewe na iliyozimwa na mtu ni vitu viwili. systemd inazitofautisha tayari: ya kwanza inaiandika failed, ya pili inactive. Taarifa ipo, amri haiitumii. restart ingeweza kuinua iliyo failed na kuiacha iliyo inactive ilale.

#5 KibodiMoja

Mnakuza mambo wakuu. reload ni kill -HUP (kuutumia mchakato ishara ya HUP), restart ni kuua na kuwasha. Miaka yote imekuwa hivyo. Weka amri mbili, funga uzi.

#6 Nahodha_wa_Logi

KibodiMoja, jaribu hiyo kill -HUP yako kwenye programu ambayo mwandishi wake hakuishughulikia. Itakufa palepale, kwa sababu kawaida ya ishara hiyo, usipoipangia kitu, ni kuua mchakato. HUP ilikuwa ya kuiambia programu kwamba laini ya terminali imekatika. Programu za nyuma hazina terminali, ishara ikabaki haina kazi, watu wakaichukua kwa ajili ya kusoma mipangilio upya. Ni mazoea hayo, hakuna aliyelazimishwa.

Ukitoka nje ya HUP ndiyo balaa. USR1 kwa Apache ni kuanza upya kwa upole: watoto wanamaliza ombi walilonalo ndipo wanaondoka. USR1 hiyohiyo kwa nginx (seva nyingine ya tovuti) ni kufungua upya mafaili ya logi. WINCH kwa Apache ni kuzima huduma nzima kwa upole, kwa nginx ni kuwaondoa wafanyakazi tu huku mchakato mkuu ukibaki. Mtu akihama kutoka moja kwenda nyingine na skripti yake ya kuzungusha logi, anapata asichokitegemea.

#7 KibodiMoja

Sawa nahodha, hapo nimekuelewa. Lakini hilo linanipa nguvu mimi: kwa nini tunatuma ishara kwa mkono? Mwenye programu aandike ExecReload yake (mstari unaoiambia systemd reload ifanye nini) sawasawa, sisi tuandike reload. Lawama ziende kwa mwenye programu, jina la amri halina kosa.

#8 Zamu ya Usiku

Wakuu, mnaongea nadharia, naomba niwape kilichotokea kwenye ofisi moja niliyofanya kazi.

Cheti cha TLS kilikuwa kinajihuisha chenyewe, na baada ya kuhuisha kuna ndoano inaita systemctl restart nginx. Ikafanya kazi miezi mingi. Siku moja mtu akahariri faili la mipangilio, akaacha nukta mkato mahali, akaenda zake. Hakuna kilichoharibika, nginx iliyokuwa hai ilikuwa na mipangilio ya zamani kichwani. Usiku cheti kikahuishwa, restart ikaita. Sasa angalieni mpangilio wa matukio: systemd kwanza inazima, kisha inaendesha ExecStartPre (amri ya kabla ya kuwasha) ambayo ni nginx -t, ya kupima mipangilio. Jaribio likasema faili bovu. Sahihi kabisa, ila huduma imeshazimwa. Tovuti chini hadi watu walipoamka.

Ingekuwa reload, nginx ingelisoma faili, ikagoma, ikaendelea na mipangilio ya zamani. Kwa hiyo mimi hoja yangu ni nyingine kabisa. restart yoyote ile ipime mipangilio KABLA ya kuzima. Kama faili ni bovu, isiguse kitu.

#9 Mzee wa Skripti

Zamu, hilo nakuunga mkono. Tazama ssh.service ya Debian (huduma ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, programu yake ni sshd) ilivyopangwa: ExecReload ya kwanza ni sshd -t inayopima mipangilio, ya pili ndiyo kill -HUP. Ya kwanza ikishindwa ya pili haiendi. Kwa sshd ni lazima iwe hivyo, kwa sababu ikipokea HUP inajiendesha upya tangu mwanzo kwa jina na vigezo vilevile, na faili likiwa bovu hairudi tena. Ukiwa mbali na mashine umejifungia nje.

#10 mgeni_wa_mizizi

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye haya mambo. Nikibadilisha faili la .service naambiwa niandike systemctl daemon-reload. Hiyo na reload si kitu kimoja? Nimeandika daemon-reload, huduma haijabadilika chochote.

#11 binti_keneli

Karibu. Si kitu kimoja, na wewe si wa kwanza kuchanganya. Hata mwongozo wa systemctl wenyewe umeweka onyo. Yako mafaili mawili. Kuna mipangilio ya huduma, mfano nginx.conf, hiyo inasomwa na nginx, na reload ndiyo inaiambia isome. Halafu kuna faili la .service, hilo linasomwa na systemd, na daemon-reload ndiyo inaiambia systemd isome. Ukishabadilisha .service, andika daemon-reload kisha restart, maana mchakato ulio hai ulianzishwa kwa maelezo ya zamani.

Na hili linarudi kwa mtoa mada. Neno moja limepewa kazi mbili ndani ya chombo kimoja. Kwenye programu yako usilirudie.

#12 Nahodha_wa_Logi

Kuna mwenye kumbukumbu ya Upstart, msimamizi wa huduma wa zamani wa Ubuntu, hapa? Pale restart iliiwasha kazi kwa maelezo yaleyale iliyoanza nayo, hata kama faili lake limebadilika. Ukitaka mapya uandike stop kisha start. Docker Compose (chombo cha kuendesha makontena) hadi sasa iko hivyo: ukibadilisha compose.yml ukaandika docker compose restart, mabadiliko hayaonekani, unatakiwa docker compose up. Watu wanahangaika na kigezo cha mazingira kisichobadilika, kumbe amri inafanya kile ilichoandikiwa.

Kwa hiyo swali la mtoa mada lina pande mbili. Amri inagusa mchakato gani, halafu inasoma mipangilio ya lini.

#13 Fundi_Hifadhidata

Nimechelewa ila niongeze. Mnaongea kana kwamba reload ama inafaulu ama inagoma. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kuna la tatu. Badilisha vigezo vya kumbukumbu, work_mem na shared_buffers, kwenye postgresql.conf, kisha pg_ctl reload. Amri inarudi na furaha, server signaled. work_mem imechukuliwa, shared_buffers haijachukuliwa, na kwenye logi kuna mstari unaosema haiwezi kubadilishwa bila kuwasha seva upya. Nusu mpya, nusu ya zamani.

Walichofanya vizuri, tangu toleo la 9.5 kwenye pg_settings kuna safu inaitwa pending_restart. Unauliza hifadhidata yenyewe ni vigezo gani vinasubiri. Huduma zingine zingeiga hili, nusu ya uzi huu isingekuwepo.

#14 Shina_la_Mfumo

Fundi, hiyo pending_restart sikuwa nimeifikiria kama sehemu ya muundo wa amri. Asante. Hebu tuongee na force-reload, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

#15 Mzee wa Skripti

force-reload: soma mipangilio upya kama huduma inaweza, kama haiwezi iwashe upya. systemctl imeihifadhi kama jina jingine la try-reload-or-restart. Jina hilo refu nalo awali liliitwa reload-or-try-restart, wakaligeuza toleo la 229.

#16 Mlinzi_wa_Milango

Mzee umeeleza upande wa Linux tu. Mtoa mada ana FreeBSD pia. Kule force ni kiambishi unachokiweka mbele ya kitendo chochote: forcestart, forcerestart, forcestop. Maana yake endelea hata kama huduma haijaruhusiwa kwenye rc.conf, na hata masharti yake ya awali yakishindwa. Kuna na one: service nginx onestart, washa mara hii tu ingawa nginx_enable haijawekwa YES. Kwa hiyo force ya Debian ni ya kulegeza, tumia njia laini kama ipo. Force ya FreeBSD ni ya kubomoa mlango. Ukiziweka chini ya amri moja utakuja kumuumiza mtu.

Ushauri wangu: usiwe na neno force kabisa.

#17 KibodiMoja

Na try-reload-or-restart nani aliiandika akiwa macho? Mpaka uimalize kuandika seva imeshajiwasha yenyewe 😄

#18 binti_keneli

😄 Ila jina refu linasema ukweli. Linakuahidi mambo matatu na unayaona yote matatu. Mimi nachagua refu linaloeleweka kuliko fupi ambalo kila mtu analijaza maana yake.

#19 Mlinzi_wa_Milango

Tukiwa hapo, mpangilio wa maneno je? service nginx restart inaweka huduma mbele, rc-service ya OpenRC vilevile. systemctl restart nginx inaweka kitendo mbele, rcctl ya OpenBSD pia. Mikono yangu imezoea ya kwanza: nikimaliza na status nabonyeza mshale wa juu, nafuta neno la mwisho tu.

#20 Nahodha_wa_Logi

Kitendo mbele kina faida yake. Unaandika huduma nyingi kwa mkupuo mmoja: systemctl restart nginx postgresql redis. Huduma ikiwa mbele, hilo halina pa kukaa.

#21 Zamu ya Usiku

Tusipotee wakuu, uzi ni wa maana ya amri. Kuna jambo hamjaligusa: amri ikirudi na sifuri (namba ya kusema imefaulu), inaahidi nini? nginx -s reload inasoma faili, ikiona sintaksia iko sawa inatuma ishara, inaondoka. Weka kwenye mipangilio mlango wa 8080 ambao programu nyingine imeshaushika. Amri inarudisha sifuri. Ukifungua error.log unakuta bind() to 0.0.0.0:8080 failed (98: Address already in use), na nginx inaendelea na mipangilio ya zamani kimya. Skripti yako ya kusambaza imeandika imefaulu.

#22 Mzee wa Skripti

Ndiyo maana mwongozo wa systemd unasema kutuma ishara kwenye ExecReload mara nyingi si chaguo zuri: ishara inatumwa, hakuna anayesubiri jibu. Toleo la 253 la mwaka 2023 lilileta Type=notify-reload. systemd inatuma HUP, huduma inajibu RELOADING=1 inapoanza na READY=1 inapomaliza, na amri inasubiri hadi hapo.

#23 KibodiMoja

Inarudi kulekule nilikosema post #7. Mwandishi wa programu asipotuma READY=1, hata majina yote mkiyapanga kama lulu hayasaidii.

#24 Fundi_Hifadhidata

Kweli, lakini msimamizi wa huduma anaweza kukataa kuahidi asichokijua. Kama huduma haitoi taarifa, amri iseme "ishara imetumwa" badala ya "imefaulu". pg_ctl reload inasema hivyohivyo, server signaled. Ni maneno mawili tu na hayadanganyi.

#25 Nahodha_wa_Logi

Jingine kwa wanaosema reload ni salama siku zote. 2014 wakati wa Heartbleed (tundu la usalama kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji) watu walisasisha OpenSSL, wakafanya reload, wakalala. Mchakato mkuu wa nginx hauanzi upya kwenye reload, unazaa wafanyakazi wapya kutoka ndani yake, kwa hiyo maktaba iliyoko kwenye kumbukumbu ni ileile ya zamani. Angalieni /proc/PID/maps, mtaona libssl imeandikwa (deleted) pembeni: faili limeshaondolewa kwenye diski, mchakato bado umelishikilia. Hapo ni restart, au USR2 ya kubadilisha programu yenyewe. sshd kwa upande wake, kama Mzee alivyosema #9, ikipokea HUP inajiendesha upya, kwa hiyo yenyewe inachukua maktaba mpya. Neno ni reload kote kuwili.

#26 binti_keneli

Hii ndiyo bora kuliko zote kwenye uzi. Nami niongeze upande wa pili: reload inaacha wafanyakazi wa zamani wanamalizia. Wenye miunganisho mirefu wanakaa masaa, ps inakuonyesha "nginx: worker process is shutting down". Ukifanya reload mfululizo wanarundikana na kumbukumbu inaliwa. nginx ina worker_shutdown_timeout, HAProxy (programu ya kugawa maombi kwa seva) ina hard-stop-after. Kwa chaguo-msingi hakuna kikomo.

#27 Shina_la_Mfumo

Wakuu nimefaidika. Nimeandika rasimu, ichaneni.

start na stop zinabaki kama zilivyo. Kwa huduma iliyo hai au iliyo failed, restart inapima mipangilio kwanza, kisha inazima na kuwasha. Iliyozimwa na mtu inaiacha, na inasema imeiacha. reload inagusa iliyo hai tu, inasubiri jibu kama huduma inaweza kujibu, isipoweza inasema ishara imetumwa. Neno force halipo. Kusoma maelezo ya msimamizi mwenyewe nimekuita rescan ili kusigongane na reload. Na nimeongeza amri ya kuuliza, pending, inayoorodhesha kinachosubiri restart: vigezo kama vya PostgreSQL, maktaba zilizofutwa kwenye maps, na faili la huduma lililobadilika baada ya mchakato kuanza.

Bado sijui reload irudishe namba gani ikiwa imechukua nusu.

#28 Mlinzi_wa_Milango

Kupima kabla ya kuzima ni kuzuri, ila kumbuka huduma nyingi hazina amri ya kupima. nginx -t ipo, sshd -t ipo, apachectl configtest ipo, postfix check ipo. Zisizo nayo utafanyaje? Ukizikubalia kimya, restart ina maana mbili tena.

#29 Mzee wa Skripti

Kuhusu namba: LSB imeacha 150 hadi 199 kwa matumizi ya programu. Chukua mojawapo kwa "imechukuliwa nusu". Usitumie 3, kwa sababu kwenye status, 3 ni huduma haiko hai, na kwenye vitendo vingine, 3 ni kitendo hakijatengenezwa, wakati haiko hai ni 7. Hata sisi wa zamani tulijichanganya hapo.

#30 Zamu ya Usiku

Mzee, namba yoyote isiyo sifuri inasimamisha skripti zangu zote zenye set -e, na usambazaji unakwama kwa huduma ambayo iko hai na inahudumia watu vizuri. Rudisha sifuri, andika onyo, pending ibaki na orodha.

#31 Fundi_Hifadhidata

Zamu, kwa sifuri hiyohiyo ndiyo watu wanakaa na shared_buffers ya zamani wakiamini wameongeza. Onyo kwenye skripti hakuna anayelisoma. Mimi kura yangu ni kwa 150.